Kupima Nini?

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Mnara wa simu umewashwa leo. Saa tatu kasoro asubuhi. Nilikuwa mezani nafungua redio ya mteja, nikasikia mngurumo kutoka uani kwa jirani: mmmmmm. Kama nzi aliyesoma chuo. Nikatoka nje. Juu kabisa taa nyekundu. Chini uzio mpya. Kando ya uzio kiti, na juu ya kiti Mwalimu Nukta, amekunja nne, anasoma gazeti. Akaniinulia kikombe. Kikombe! Kana kwamba kaujenga kwa mikono yake mwenyewe.

Niliweke wazi jambo hili, hata kama daftari hili halisomwi na mtu. Watu wa mnara walikuja kwangu kwanza. Walisimama kwenye ua wangu huu huu, wakazungukazunguka na kamba zao, wakasema panafaa. Mimi ni mtu niliyetembea dunia. Nimefanya kazi melini. (Siku kumi na moja, jikoni, lakini meli ni meli.) Siwezi kuonyeshwa nguzo nikababaika. Nikawapa sharti moja tu: jina langu liandikwe kwenye mnara, kutoka juu kwenda chini, lisomeke hadi sokoni. Wakasema watafikiria. Wakafikiria hadi kwa jirani.

Yeye hakuomba hata herufi moja. Na ndiye mtu wa herufi! Mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Miaka thelathini alisahihisha watoto wa watu, na sasa kwa kukosa watoto anasahihisha mtaa. Bango la duka langu nililiandika: TUNATENGENEZA REDIO, SIMU NA VINGINEVYO VYOTE. Alikuja na kalamu yake nyekundu akafuta VYOTE. Mchana kweupe. Mbele ya wateja.

Kwa hiyo saa sita nikaenda kwa Kinyozi. Pale ndipo mahali pa kusemea neno, maana mtu akishikwa kichwa hana budi kusikiliza. Nikawaambia habari ya mionzi. Niliisoma kwenye simu, nusu ukurasa, kabla bando halijakata. Nikasema mnara unatupika polepole, tena bila maji. Nikasema mionzi inapita ukuta, inapita bati, inapita mfupa. Kinyozi akazima mashine katikati ya kichwa cha mteja, akauliza dalili ni zipi. Nikataja zilizonijia: kichwa kuuma, usingizi wa mang'amung'amu, kusahausahau, kiungulia, hasira za ghafla. Watu watano kati ya sita walikuwa nazo zote. Wa sita alikuwa amesinzia chini ya taulo. Nikasema hiyo nayo ni dalili.

Nimerudi nyumbani napiga mluzi. Mke wangu anashonea sebuleni, mashine yake upande mmoja, meza yangu ya ufundi upande wa pili. Sare za shule, kola mpaka zinamtoka puani. Mimba ya miezi saba, lakini anakanyaga cherehani utadhani anashindana baiskeli. Nikamhadithia yote, kwa mikono na kwa sauti za watu.

Hakucheka. Ajabu. Huyu mwanamke mimi nilimpata kwa kumchekesha.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Tumeunda kamati. Mimi Mwenyekiti. Kinyozi Katibu, kwa kuwa ana ubao wa matangazo na kioo kikubwa. Kazi ya kwanza: barua kwa Mamlaka. Nimeiandika mwenyewe, kwa mkupuo mmoja, huku napasha chai yangu kwenye maikrowevu.

(Maikrowevu ni ya mteja. Mlango wake haufungi, nimeubana kwa waya. Iko mezani kwangu mwezi wa pili huu. Nikiiwasha tu, redio zote mezani zinafanya krrrrr. Nitaitengeneza nikipata nafasi. Fundi hakimbizwi.)

Barua yenyewe, kwa kumbukumbu ya vizazi: "Kwa Mamlaka inayohusika. Sisi wakazi tunaoungua na mnara tunaomba mje kupima haraka iwezekanavyo kabla hatujaisha." Fupi. Nzito. Nikampa Kinyozi apige muhuri wa kinyozi.

Muda si mrefu ikarudi. Nyekundu tupu! Kinyozi, kwa akili zake, ameipeleka kwa Mwalimu Nukta ikakaguliwe. Nikamuuliza, ndugu yangu, wewe mzima? Barua ya kumshtaki mtu unampelekea mtu huyo huyo asahihishe? Akajitetea eti barua zote za mtaa huwa zinapitia kule, hata ya posa yake ilipita kule, na alikubaliwa.

Alama kumi na moja kwa thelathini. Pembeni ya neno "kupima" amepiga duara mara mbili na kuandika: "Kupima NINI? Kitenzi hiki kinadai. Taja." Na chini kabisa: "Hoja inaeleweka. Mwandiko unapendeza."

Unapendeza! Yaani namshtaki, halafu ananisifu mwandiko! Nimevumilia mengi duniani, nimevumilia mpishi wa meli aliyekuwa akinirushia viazi, lakini hili la leo limenifika hapa.

Sikubadilisha hata nukta. Mwenye akili ataelewa kupima nini. Nimenakili upya ile ile, nikaipiga picha, nikaituma Mamlaka kwa simu. Imekwenda kufumba na kufumbua. Mtandao siku hizi mkali mno. Sikupenda hilo.

Jumatano, tarehe 11 Juni

Leo nimefunika chumba chetu chote kwa foili, ile karatasi ya kung'aa ya jikoni. Kuta nne, dari, na nyuma ya mlango. Nimemaliza boksi zima na gundi mbili. Ukiingia ndani unajiona mara arobaini. Kinyozi alikuja kukagua kwa niaba ya kamati, akasimama mlangoni, akajitengeneza nywele.

Nilidhani mke wangu atanigombeza kwa ajili ya foili. Angenigombeza ningefurahi. Badala yake akakaa kitandani, akashika tumbo, akauliza kwa sauti ya chini: je, na mtoto? Inapita mfupa, ulisema. Mtoto bado hata mfupa hajakomaza.

Sasa mimi nina mdomo ambao hukimbia mbele ya kichwa. Nikasema kwa sauti ya kitaalamu kwamba watoto ndio wanaoathirika zaidi. Nikasema nilishasikia hata bandarini. Nilikuwa nashikilia ngazi huku nasema, nilipendeza mwenyewe kwenye zile kuta.

Akaenda kushona. Baadaye nikapita nikamwona hashoni. Mashine imesimama, ameshika kola moja tu ya mtoto wa darasa la kwanza, anaitazama.

Mwaka juzi ilikuwepo mimba nyingine. Ilifika miezi mitano. Hatuizungumzii humu ndani. Tunaizunguka, kama kile kigoda cha jikoni ambacho hakuna anayekikalia na hakuna anayekitoa.

Foili imeanza kubanduka kwenye kona. Nitaongeza gundi.

Alhamisi, tarehe 12 Juni

Balaa!

Mke wangu anaondoka Jumapili. Anakwenda kwa dada yake, ng'ambo ya bonde, kule ambako simu ni tochi tu maana mtandao haufiki. Atakaa hadi ajifungue. Nikauliza, na baada ya kujifungua? Akasema mnara utakuwa umehama? Nikasema hapana. Akasema basi.

Ameniambia akinitazama usoni na ameniita Fundi. Siku za kawaida mimi ni "baba". Akiniita Fundi ujue mambo yameharibika.

Nikaanza kurudi nyuma, taratibu, kama gari la mchanga. Nikasema unajua, ile mionzi, ukiichunguza sana, ni dhaifu. Akasema Jumatatu ilikuwa inapita bati. Nikasema inapita, ndiyo, ila ikishapita inakuwa imechoka. Akasema Jumatano watoto ndio wanaoathirika zaidi. Nikasema watoto wa kule bandarini. Akauliza kwani wana mifupa gani. Anakumbuka kila neno! Miaka sita ya ndoa nazungumza mfululizo, sikujua kuna mtu anasikiliza.

Nikatoa silaha ya mwisho. Foili! Nikamshika mkono, nikamwingiza chumbani, nikafunga mlango. Nikamwambia humu ndani, mke wangu, hakipiti kitu. Hata wimbi moja. Humu ni kama tumbo la chuma. Mtoto wako akikaa humu...

Simu yake ikaita.

Dada yake. Amepanda mwambani kwake kutafuta mtandao ili aulize aandae kitanda kipi. Sauti ilisikika safi, bila hata kukwaruza. Alinisalimu. Hujambo shemeji, mbona mnasikika vizuri hivyo?

Mke wangu alikata simu, akaniangalia mara arobaini kutoka kila ukuta. Kisha akateremsha begi.

Nimekwenda kukaa nyuma ya nyumba. Ule mnara unanguruma tu: mmmmmm. Nimeutazama kwa muda. Nikawaza: wewe na mimi tunajua kwamba sikujui hata kidogo. Sikujua chochote. Nilikuwa na nusu ukurasa na kidonda cha jina langu. Sasa nifanyeje? Nikisema nilitunga, mtaa mzima utanicheka na Mwalimu Nukta atanipa alama. Nisiposema, nyumba inabaki na mimi na cherehani.

Nitafikiria kitu. Huwa nafikiria kitu.

Ijumaa, tarehe 13 Juni

Nimefikiria kitu!

Asubuhi jibu limekuja kutoka Mamlaka. Afisa atafika kesho saa tatu na kifaa cha kupima. Kwanza moyo ulinidondoka. Kisha ukapanda. Kwa sababu kifaa kitasema tu kile kinachokisikia, na mimi ni fundi.

Mpango ni huu. Nahitaji nyumba yangu isomeke chini, ili mke wangu atulie abaki. Na nahitaji kwa Mwalimu Nukta pasomeke juu, ili Mwenyekiti asiaibike. Yaani mionzi iwepo, lakini iishie kwenye ua wa miti unaotutenganisha. Nani mwenye kutoa mawimbi kwa wingi, tena anayeweza kubebeka? Maikrowevu! Mlango mbovu, inavuja, redio zinalia krrrrr. Nimeiweka chini ya ua wa miti, ubavuni mwa uzio wa mnara, nikaifunika gunia. Waya wa ekstensheni unapita nyasini na kuingia jikoni kupitia dirishani. Ndani nimeweka bakuli la maji isije ikaungua. Mimi ni fundi, si mhuni. Kesho Afisa akikaribia naiwasha, napita naye polepole pale uzioni, kifaa kinapiga kelele, Mwalimu anadondosha kikombe. Halafu tunaingia kwangu, kimya. Mke wangu anasikia ule ukimya. Begi linarudi juu ya kabati.

Wakati mwingine najiogopa mwenyewe.

Tangazo nimelibandika kwa Kinyozi: WAKAZI WOTE. WAPIMAJI WANAKUJA KESHO SAA TATU NYUMBANI KWA MWENYEKITI. KUPIMA. MSIKOSE. Mwalimu alikuwa kitini ananyolewa. Alilisoma kupitia kioo, kinyumenyume, na bado akaliona kosa. Akainua kidole kutoka chini ya shuka na kuuliza kupima nini. Nikamwambia atajua kesho.

Nikatoka nikiwa nimenyoosha shingo. Nyuma yangu nikasikia Kinyozi anaomba kalamu. Sikujali.

Jumamosi, tarehe 14 Juni

Sijui nianzie wapi. Naanzia mlangoni.

Saa moja na nusu asubuhi nimefungua mlango, watu. Si watano, si kumi. Foleni imetoka kibarazani, imezunguka duka, imefika kwa muuza mkaa. Wazee mbele, wamekalia vigoda vyao. Kila mtu ameshika kitu kwenye mfuko. Nikamwuliza bibi wa kwanza kwenye mstari ameleta nini. Akafunua.

Chupa. Ya mkojo.

Nikakimbia kwa Kinyozi kuangalia tangazo. Chini ya KUPIMA, kwa mwandiko wake wa kukwaruza, ameongeza: NJOONI HAMJALA. MJE NA CHUPA NDOGO. Nikamkamata kola ya shati. Akanishangaa! Akasema sasa Mwenyekiti, si umeandika kupima? Kwenye zahanati wakisema njoo kupima si ndivyo wanavyotaka? Yeye alijaza tu pale nilipoacha. Tena amenisaidia zaidi, amemwalika Muuguzi wa zahanati, maana aliona wapimaji wenyewe watazidiwa.

Watu wote wale! Tangu jana magharibi hawajatia kitu mdomoni kwa sababu ya neno langu moja lisilo na mwenzake.

Na katikati ya foleni, nani? Mwalimu Nukta. Amechomekea shati. Chupa yake ina karatasi iliyobandikwa vizuri: jina, tarehe, nukta. Nikataka kucheka, akanishika bega. Akaninong'oneza kwamba tangu mnara uwashwe hapati usingizi. Kwamba alisikia ninayoyasema kwa Kinyozi, na mimi ni fundi wa mawimbi, lazima najua. Kwamba ana wasiwasi ameuleta mwenyewe ule mnara, na jirani ana mke mjamzito. Ndiyo maana anakaa pale kitini kila siku. Eti kama kuna ubaya, umwanzie yeye kwanza, tuuone.

Nikampa kiti changu. Nikamtafutia mkate nikamlazimisha ale, akakataa, akasema tangazo linasema msile. Nikamwambia tangazo halina akili. Akala. Nilijisikia kama soksi iliyolowa.

Afisa akachelewa. Saa tatu, saa nne. Jua. Bibi mmoja akaanza kuyumba. Mke wangu, tumbo lile, akatoka akasema hatakubali watu wazima waanguke kibarazani kwake, wapewe maziwa ya moto wote, kupima kutajijua. Akaingia jikoni. Mimi nikabaki barabarani namngojea Afisa, mawazo kwenye gunia langu pale uani.

Akafika. Kijana mpole, kifaa kama kipaza sauti cha mwimbaji, kichwa cha duara. Foleni nzima ikasimama na chupa zake. Akaziangalia zile chupa. Akaniangalia. Akasema kwa adabu zote kwamba yeye anapima hewa.

Tukaanza. Barabarani: chini. Kwenye kona: chini. Nikakimbia nyuma ya nyumba, nikapenyeza mkono dirisha la jikoni bila kuchungulia ndani, nikabonyeza swichi, nikarudi natweta, nikamwelekeza uzioni. Akapita polepole. Kimya. Nikamwomba arudie. Kimya. Akaonyesha namba kwa wote, akasema mnara huu uko chini ya kiwango, mbali kabisa na kiwango. Kitu gani! Nikatazama gunia. Limelala chini bapa kama chapati, hakuna kitu chini yake!

Afisa akasema basi tumalizie ndani kwa Mwenyekiti. Nikasema hapana haja. Akasema kuna haja, Mwenyekiti ndiye aliyelalamika. Sebuleni: chini. Chumbani: chini, akajitazama kwenye foili. Tukageukia jikoni.

Kifaa kikapiga ukelele!

Yaani kililia kama mwizi kaingia benki. Watu wakajazana mlangoni. Na pale mezani maikrowevu yangu, waya mlangoni, inazunguka, ndani chungu cha maziwa, na mbele yake mke wangu na kijiko. Akaeleza yeye mwenyewe, hajaelewa bado: alifuata waya wa ekstensheni kutoka dirishani, akaikuta chini ya gunia na bakuli la maji ndani, akafurahi. Alidhani nimeiandaa ili niwachemshie wageni chai kwa siri. Alisema hivyo mbele ya watu wote: nilijua mume wangu ana roho nzuri. Kinyozi ndiye aliyembebea ndani, na kuichomeka ekstensheni ile ile. Kwa hiyo swichi niliyobonyeza mimi...

Afisa akachomoa waya. Kimya kikarudi. Akauliza kifaa hiki kibovu kimekaa humu muda gani. Nikasema siku mbili tatu. Mke wangu akasema miezi miwili. Akauliza na mlango uko hivyo? Mke wangu akasema hivyo hivyo, na hupasha chai yake kila saa. Kisha nikaona hesabu inapita usoni mwake, polepole, kama sindano inapopita kitambaani. Akageuka.

Fundi, akasema. Kumbe anayetupika ni wewe.

Wa kwanza kucheka alikuwa Kinyozi. Mimi sikucheka. Kwa sababu mke wangu alikuwa ameshika kiti cha jikoni kwa mkono mmoja na tumbo kwa mkono wa pili, na rangi ilikuwa imemtoka. Nikasahau uenyekiti. Nikapiga kelele Muuguzi aje, apishwe, watu watoke, chupa ziwekwe chini!

Muuguzi akamlaza kwenye kitanda chetu, katikati ya kuta zile za kipuuzi. Akaweka ile tarumbeta yake ndogo tumboni, akainamisha sikio. Sijui alikaa muda gani. Nilihesabu kona zote zilizobanduka. Kisha akanivuta shingo, akaniambia nisikilize mwenyewe.

Duk duk duk duk. Haraka haraka. Kama redio iliyokuwa inatafuta stesheni siku nyingi, ikaipata.

Afisa akamweleza mke wangu, taratibu, kwamba mashine ile ikivuja nguvu yake hupungua haraka ukiwa mbali nayo, na cherehani iko mbali, basi atulie, ila isiwashwe tena mpaka itengenezwe. Muuguzi akampima presha: nzuri. Akapima na foleni nzima kwa kuwa ilikwishapangwa. Watatu wana sukari na hawakujua. Wamekuja kunishukuru, fikiria! Wamenishika mkono. Mwalimu hana kitu, ni kukosa usingizi tu. Alipotoka alipita karibu yangu na kusema maneno mawili. Nilidhani atanisamehe.

Kitenzi kilidai, akasema.

Jioni nikamweleza mke wangu yote. Nusu ukurasa, jina langu mnarani, gunia. Nilidhani nikisema ukweli atalia. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema begi lile halikuteremshwa bure. Yeye habanduki hapa, kitanda chake ki hapa, Muuguzi yuko jirani. Anayeondoka ni anayetoa mionzi.

Jumapili, tarehe 15 Juni

Nimefika kwa Shemeji, ng'ambo ya bonde. Begi la mke wangu, nguo zangu, na maikrowevu mapajani njia nzima. Amri ni mbili: niitengeneze, na nisirudi mpaka anipigie simu.

Shemeji amecheka tangu nilipoingia mpaka tumekaa kula. Hana umeme, kwa hiyo maikrowevu haina hatari tena. Ameshaanza kuwekea mayai ndani.

Nimeahidi moyoni. Mdomo wangu utakuwa nyuma ya kichwa. Nitauliza kabla ya kusema. Nimejifunza.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Siku ya tatu simu haijaita. Nilidhani ni hasira. Leo asubuhi ndipo nikakumbuka: mtandao huku hakuna! Atanipigiaje? Nikapanda mwamba wa Shemeji, nikasimama kwa kidole cha mguu, nikainua simu juu ya kichwa na kuielekeza jua linakotoka. Kijiti kimoja. Ujumbe ukaanguka mfululizo.

Jumapili: Umefika salama? Jumatatu: Mtoto anacheza sana leo. Jumanne asubuhi: Mwalimu ametubandulia foili yote, amesema ukuta hauhitaji alama za mshangao. Jumanne mchana: Rudi baba. Nimechekea kwenye cherehani peke yangu nikatoboa kola.

Baba! Nimesamehewa tangu jana, na nilikuwa nimekaa hapa namenya viazi kama nilivyokuwa melini!

Nikashuka mbio kufunga begi. Nikafika mlangoni nikasimama. Nikawaza: ni waume wangapi wamekaa katika bonde hili, wamesamehewa, na hawajui? Roho iliniuma. Siwezi kuondoka nikawaacha hivi hivi. Na nimepima kwa jicho: nyuma ya nyumba ya Shemeji, pale mwambani, panafaa. Panafaa kuliko hata kwangu. Mnara ukisimama pale utaonekana mpaka ng'ambo ya pili. Na hauna madhara yoyote, hilo nalijua kwa sasa, nimelishuhudia likipimwa, naweza kumweleza mtu yeyote kitaalamu. Jina langu litapata nafasi ya kutosha, kutoka juu kwenda chini.

Nitarudi nyumbani kesho alfajiri. Leo nimeandika barua. Fupi. Nzito. "Kwa Mamlaka inayohusika. Sisi wakazi wa bonde tunaomba mje kupima haraka iwezekanavyo." Na huku, raha iliyoje, hakuna mtu mwenye kalamu nyekundu.

Shemeji ameisoma begani kwangu. Akauliza kupima nini. Nimemwambia mwenye akili ataelewa.

Ametoka kuwaambia majirani. Namsikia kule nje. Mmoja anauliza kama waje hawajala.